Ngazi Mstarini

9 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kulalamika kila nikipanda ngazi za ofisini. Wifi hajambo? Mwambie vile vitambaa vya meza alivyonishonea wageni wanavisifu kuliko wanavyonisifu mimi mwenyewe. Nimekupigia simu mara nne wiki hii, inaita mpaka inachoka. Kama umeamua kuishi kizamani, haya, na mimi nimenunua bahasha.

Bintiyo karudi chuoni salama. Kaongezeka urefu tena, sijui mnampa nini huko. Jina la Ngazi mlilompa nyumbani limemfuata mpaka huku, hata wahadhiri wanamwita hivyo. Nimemfanya nahodha wa timu yangu ya kikapu. Wapo walionung'unika kwamba kocha kampendelea mtoto wa kaka yake, lakini walipomwona uwanjani wakanyamaza.

Sasa nikwambie linalonikera. Si unajua mimi na mitupo huru. Mwaka jana tulipoteza michezo sita, na katika minne kati ya hiyo, mitupo huru tuliyokosa ilikuwa mingi kuliko pointi tulizozidiwa. Watu wanakuja uwanjani kuona mtu akiruka. Mimi namtazama yule aliyechezewa rafu, akapewa mpira, akasimama mstarini peke yake, hakuna anayemkaba, kelele zimemzunguka. Akikosa pale hana wa kumsingizia. Ndiyo maana kwangu mazoezi hayaishi mpaka timu ifikishe mitupo hamsini iliyoingia.

Ngazi mwaka jana alikuwa anaingiza minane katika kumi, hakuna msichana aliyemfikia. Mwezi huu hafikishi mitano. Nimemtazama miguu, nimemtazama kiwiko, sioni kosa. Ni vidole tu, mpira unapotoka, kana kwamba kuna mtu kamgusa kidogo. Nadhani ni uvivu wa likizo. Ulimpa kazi gani dukani kwako? Kama alikuwa amekaa tu anakula, niambie.

Nitamnyoosha.

Mdogo wako

---

30 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na imesomwa mara mbili, mara moja na mimi na mara ya pili na wifi yako kwa sauti, ili acheke vizuri pale kwenye vitambaa. Hajambo. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande ule ule tulioziba, kwa hiyo tunapika tukiwa tumeinama kama watu wanaosalimiana na wakubwa.

Simu iliniponyoka ikaingia kwenye kopo la rangi ya bluu. Inaita, lakini ukipokea husikii kitu. Tuandikiane tu, barua hazinichoshi.

Kazi ipo. Nimeandika bango la duka la dawa na la fundi viatu. La saluni limerudishwa. Nilipaswa kuandika "WANAWAKE NA WANAUME", na ile M mkono ukanipita, ikatoka na mguu wa tatu. Mwenye saluni akaniuliza, "Fundi, hao wanaume wa wapi wana miguu mitatu?" Mtaa mzima umecheka. Nimemfutia, nitarudia nikipata nafasi.

Kuhusu Ngazi, likizo hakukaa tu. Alinisaidia kuchanganya rangi na kushika ngazi, na hapo utani ulikuwa mwingi. Usimseme sana. Mtoto anakua, mwili unabadilika, labda masomo yamemzidi.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo tu. Je, anaangusha vitu? Au husahau ulichomwambia muda mfupi uliopita? Nauliza tu, usilitilie maanani.

Wifi yako anakusalimu. Anasema goti ulipake mafuta ya moto, uache ubishi.

Kaka yako

---

21 Oktoba

Kaka,

Nimepaka mafuta, goti linanuka tu. Hamjambo lakini? Paa mmeliziba?

Msimu umeanza. Tumeshinda miwili, tumepoteza mmoja, na ule tuliopoteza Ngazi alikosa mitupo huru sita. Sita, kaka. Tulifungwa kwa pointi tatu. Nilimwambia kuanzia siku hiyo atabaki uwanjani baada ya wenzake kuondoka, atupe mia mbili kila siku, nami nitasimama chini ya ringi namrudishia mpira.

Anatupa. Habishi. Jumatano alipofika kama mia na arobaini nikaona machozi yanamtoka, lakini hakuacha kutupa. Nikamwuliza, "Unalia nini?" Akasema, "Nauambia mkono fanya hivi, unafanya vile." Nikamwambia aache visingizio, mkono ni wake. Nilikuwa mkali. Najuta kidogo, lakini ndivyo na mimi nilivyofundishwa.

Umeuliza kama anaangusha vitu. Anaangusha. Bwaloni wenzake wamemkataza kubeba sahani, wanamcheka, naye anacheka nao. Na mbinu ya kuanzisha mpira ambayo yeye mwenyewe aliibuni mwaka jana, juzi aliisahau katikati ya mchezo, akasimama ananitazama.

Kwa nini uliuliza? Umesema nisilitilie maanani, lakini wewe si mtu wa kuuliza bila sababu. Halafu jingine. Wewe ni fundi wa kuandika, barua zako zote huwa naziweka kwa sababu ya mwandiko. Hii ya mwisho maandishi yanapanda juu kama yanakimbia mafuriko. Unaandikia wapi siku hizi, mgongoni mwa mtu?

Nenda kwa jirani yeyote mwenye simu unipigie. Sitakupotezea muda.

Mdogo wako

---

12 Desemba

Mdogo wangu,

SAMAHANI NIMECHELEWA. NAANDIKA HERUFI KUBWA NDIZO ZINAZONITII. SOTE WAZIMA.

ACHA KUMPA ZILE MIA MBILI. MTOE KWENYE TIMU. SEMA NI BABA YAKE KATAKA ASOME. USIMWULIZE KITU NA USINIULIZE MIMI.

NAKUOMBA, SI KAWAIDA YANGU KUKUOMBA.

KAKA

---

5 Januari

Kaka,

Salamu zote nimezipokea, yaani hakuna hata moja. Natumaini wifi ni mzima, maana katika barua yako hukumtaja.

Nimengoja wiki saba kwa mistari sita. Unataka nimtoe nahodha wangu katikati ya msimu, nimwambie baba yako kasema, naye akiniuliza nimjibu nini? Ufadhili wake wa masomo unatokana na timu. Nikimtoa timuni namtoa chuoni. Hilo umelifikiria?

Zile mia mbili nimeziacha. Nimeziacha kabla barua yako haijafika, na nitakwambia kwa nini. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai ofisini kwangu. Ngazi alishika kijiko akawa anakoroga, kikawa kinagonga kikombe, kinagonga, wala yeye hana habari. Nikamtazama, nikamwona mama.

Mimi nilikuwa na miaka saba mama alipofariki. Ninayoyakumbuka ni machache. Nakumbuka vikombe vilivyovunjika, na wewe ukivifagia kabla watu hawajaingia. Nakumbuka majirani wakisema analewa, na wewe ukipigana na yule kijana wa nyumba ya pili kwa sababu ya neno hilo. Nakumbuka nikipelekwa kwa mama mkubwa, wewe ukabaki naye. Ulibaki naye mpaka mwisho na hukuwahi kuniambia mwisho ulikuwaje. Kila nikiuliza ulisema mama aliugua mishipa.

Niambie nimekosea. Niambie ni kijiko tu. Nitafurahi kuitwa mjinga.

Mdogo wako

---

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Mwandiko huu ni wa wifi yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Kalamu imenishinda tangu mwezi uliopita. Na simu haikuingia kwenye rangi. Ulimi wangu umekuwa mzito, nikizungumza watu wanadhani nimelewa, sikutaka unisikie.

Hukukosea.

Mama aliugua miaka kumi na moja. Mwanzo ni vidole, halafu mwendo, halafu maneno, halafu akawa hatujui. Alipofariki, daktari mmoja aliniita pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema ugonjwa huu ni wa damu ya ukoo, mzazi mwenye nao, kila mtoto wake anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, na hakuna dawa ya kuuponya. Akasema baba akiurithisha, mara nyingine humwahi mtoto mapema kuliko ulivyomwahi yeye. Nikatoka pale nikaamua sijasikia kitu. Wewe ulikuwa mdogo. Niliona afadhali mmoja wetu alale usingizi.

Nilipooa sikumwambia mke wangu. Nilijiona nina nguvu, mkono wangu umenyooka kama rula, nikajua nimeukosa. Ngazi akazaliwa. Miaka yote ile kila siku asubuhi nachora mstari mmoja ukutani bila rula, nikiona umenyooka naenda kazini na furaha. Mwaka juzi mstari ukapinda.

Ngazi alipokuja likizo nilimwona akichanganya rangi. Nilijua siku ile ile. Nilimruhusu arudi chuoni kwa sababu sikuweza kufungua mdomo.

Heri wewe hukuzaa. Nisamehe kwa neno hilo, lakini ndilo nililo nalo.

Mtoe taratibu. Usimwambie. Mimi nitamwambia akija.

Kaka yako

Wifi, ni mimi sasa. Nimeandika kila neno kama alivyolisema, na mengine ndiyo kwanza nayasikia leo, kwa kuyaandika. Nimekaa naye miaka ishirini na nne. Aliponiambia chukua kalamu tumwandikie dada, nilidhani ni habari za paa. Sijamwambia kitu bado. Barua naipeleka posta mwenyewe, asije akabadili mawazo.

---

3 Machi

Kaka, na wifi,

Nawasalimu nyote wawili. Siwezi kuuliza habari za huko, wala zangu hazisemeki, kwa hiyo nieleze tu lililotokea.

Barua yenu nilipewa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa na nusu fainali. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye kabati la viatu vya timu, nikaikunja nikaiweka mfukoni, na siku ya mchezo ilikuwa bado imo mfukoni.

Ngazi alicheza vizuri. Nawaambia kweli, hamkuwahi kumwona hivyo. Akikimbia, mwili wake unajisahau, kila kitu kinakwenda. Alifunga pointi kumi na nne. Zilipobaki sekunde ishirini tukawa nyuma kwa pointi moja, mpira ni wetu. Kocha msaidizi akaninong'oneza, "Mtoe Ngazi. Watamchezea rafu makusudi, wanajua siku hizi haingizi." Alikuwa sahihi. Mtu yeyote anayejua mchezo huu angemtoa. Mimi ambaye miaka kumi na mbili nimewahubiria watu mitupo huru kuliko mtu yeyote chuoni, sikumtoa.

Nilijiambia nikimtoa atauliza kwa nini, na sina jibu la kumpa mbele ya watu. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka mitupo yake iingie. Nilidhani akiingiza yote miwili, barua yenu itakuwa imekosea.

Walimchezea rafu zikiwa zimebaki sekunde sita. Akaenda mstarini. Akadundisha mpira mara tatu, kama kawaida yake, mara ya tatu ukagonga kiatu ukamtoka, refa akamrudishia. Watu wakaguna. Mtupo wa kwanza uligonga ringi kwa mbele ukarudi. Kabla ya wa pili aligeuka akanitazama, nami nikamtikisia kichwa kama kocha anayeamini. Wa pili haukufika hata kwenye wavu. Ukumbi ukacheka, kaka. Watu zaidi ya elfu moja wakamcheka mtoto wetu.

Jumatatu mkurugenzi wa michezo aliniita mbele ya kamati. Akauliza kwa nini mchezaji asiyefikisha hata minne katika kumi aliachwa uwanjani dakika ya mwisho, na kama ni kwa sababu ni mtoto wa kaka yangu. Nikasema ulikuwa uamuzi mbaya wa kocha, sina la kuongeza. Timu kapewa msaidizi. Mimi nimebakiziwa vipindi vya mazoezi ya viungo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mlisema nisimwambie. Alikuja ofisini nikiwa nafungasha vitu vyangu, akasema anajiuzulu unahodha, kwamba amenivunjia kazi kwa uvivu wake. Neno hilo la uvivu nilimpa mimi. Nikashindwa. Nikamkalisha kwenye kiti nikamsomea barua yenu yote, mpaka mwisho, mpaka maneno ya wifi.

Hakulia. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Kumbe sikuwa mvivu." Alikisema kama mtu aliyefarijika, na hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo. Halafu akaniuliza,

"Zile mia mbili za kila siku, shangazi, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na ile miwili ya Jumamosi?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Nilijua."

Akainuka, akaurudisha kiti mahali pake, akatoka. Leo ni siku ya kumi na moja hajasema nami. Nimesikia kwa wenzake kwamba kaenda hospitali mwenyewe kutoa damu ipimwe.

Mdogo wenu

---

24 Machi

Dada,

Ni wifi tena, safari hii kwa maneno yangu. Kaka yako anakusalimu. Hasemi sana siku hizi, na akisema inabidi nisogeze sikio.

Nimehamia chumba cha Ngazi. Sijamwacha. Asubuhi namfunga vifungo vya shati, namlisha uji, namsogezea kiti mlangoni aone watu. Tunaongea mambo ya siku tu, kama mvua itanyesha, kama mkate umekwisha. Jana aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia aniachie kwanza nifikirie, akasema sawa. Hana muda mwingi wa kunisubiri, na mimi sina haraka ya kumjibu.

Dukani wamekuja kuchukua brashi zake, kaziuza zote bila kuniambia. Kwenye ukuta wa nyuma nimeiona ile mistari yake. Nilikuwa naiona miaka yote nikidhani anajaribu rangi.

Sikulaumu kwa kumwambia mtoto. Mtu mmoja alipaswa kumwambia, na baba yake asingeweza. Lakini kwa kumwacha asimame pale mbele ya watu wacheke, nakulaumu, dada. Nimeona niliandike kuliko nilifiche, nyumba hii imeficha ya kutosha.

Akikuambia majibu, tuambie.

Wifi yako

---

25 Aprili

Kaka na wifi,

Nawasalimu. Wifi, nimeyasoma uliyoniandikia na sina la kujitetea.

Majibu yametoka Jumanne. Ngazi alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "Njoo hospitali", nikaenda. Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole, anaongea polepole. Alituonyesha karatasi. Ngazi anao. Kwa umri wake utakwenda kwa kasi kuliko ulivyokwenda kwa baba yake. Zipo dawa za kutuliza viungo na za kumsaidia moyo usizame, na yupo mtu wa kumfundisha namna ya kutembea na kumeza. Zaidi ya hapo, alisema, asingependa kutudanganya.

Ngazi aliuliza swali moja, kama ataweza kumaliza mwaka wa mwisho. Daktari akasema ajaribu, lakini asiahirishe jambo lolote analolitaka sana. Ngazi akacheka akasema alichokuwa anakitaka sana kilikuwa kombe.

Chuo kimempa ruhusa ya mwaka mmoja. Sote tunajua maana yake, yeye ndiye wa kwanza kujua, kwa sababu kitanda chake amekitoa kwa mwenzake. Anakuja kwenu Ijumaa, basi la mchana, ana mabegi mawili. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Alinikumbatia lakini, muda mrefu, wala sikujua kama amenisamehe au alikuwa amechoka kusimama. Wifi, akifika usimnyang'anye vitu mkononi. Aachwe avibebe, vikianguka vianguke.

Kaka, anasema hajakukasirikia. Anataka akae nawe mlangoni muone watu.

Kuna jambo moja limebaki. Tulipokuwa tunatoka, daktari alinishika bega akaniuliza uhusiano wangu na mgonjwa. Nikamwambia mimi ni shangazi, dada wa baba. Akaniuliza kama na mimi ningependa kutoa damu, maana chumba kipo wazi na haichukui dakika kumi. Ngazi alikuwa amesimama pale ananitazama. Nikasema nina kipindi saa nane, nitarudi siku nyingine.

Siku ile sikuwa na kipindi.

Mdogo wako